Historia ya Mwalimu Urari, Aliyefundisha kwa Dirisha na Mlango

Wafiwa wenzangu, majirani, wafanyakazi wenzake marehemu, na ninyi wanafunzi wake wa miaka yote mliojaa mpaka nje ya geti, nawashukuru kwa kunyamaza, maana nawajua, na najua imewagharimu. Familia imenipa mimi kazi ya kusoma historia hii kwa sababu marehemu ndiye aliyeniachia ziwa, na pia kwa sababu shemeji yangu, mume wa marehemu, alijaribu kuisoma jana pale mezani akaishia kwenye mwaka wa kuzaliwa. Nitajikaza kisabuni niifikishe mwisho, na mahali nitakapocheka msinishangae, dada yangu aliishi maisha ya ushindi na sioni kwa nini niyasome kwa sauti ya kushindwa.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Februari 1953, akiwa mtoto wa tatu kati ya watoto sita, katika nyumba ya vyumba viwili iliyokuwa na duka upande wa mbele. Baba yetu aliuza sukari, sabuni, mafuta ya taa, viberiti na biskuti, na duka lile lilikuwa na wateja wengi, lilikuwa na mizani isiyodanganya, lakini mwaka 1964 lilifungwa. Wapo majirani waliosema tumerogwa, wapo waliosema tumeibiwa, na ukweli ni kwamba duka lile tulilila wenyewe, mama akiishiwa sukari alichota dukani, baba akipata mgeni alimfungulia soda ya dukani, sisi watoto tulipita na biskuti mkononi kama watu wenye hisa, na hakuna aliyeona haja ya kuandika chochote. Siku rafu zilipobaki tupu, dada, akiwa darasa la nne, alimuuliza baba lile duka lilikuwa la nani, baba akajibu lilikuwa letu, naye akasema basi ndiyo maana limekufa. Siku hiyo alinyimwa chakula cha mchana kwa utovu wa adabu, lakini hakuyafuta maneno yake, na miaka mingi baadaye ndilo lililokuwa somo lake la kwanza kwa kila darasa, kwamba biashara ni mtu na mwenye biashara ni mtu mwingine, na anayechota kwenye biashara yake kwa ajili ya nyumbani kwake anachota kwa mtu, basi na aandike.

Marehemu alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1961 hadi 1967, akaendelea na sekondari kuanzia 1968 hadi 1971, kisha akajiunga na chuo cha biashara, ambako tarehe 30 Novemba 1973 alipata cheti cha utunzaji wa hesabu, akiwa msichana pekee katika darasa lake, na wa pili kwa alama. Aliyekuwa wa kwanza tumeambiwa yupo hapa leo, na ningependa ajue kwamba dada hakumsamehe kamwe.

Kuhusu kazi, marehemu aliajiriwa tarehe 2 Januari 1974 kama karani wa hesabu katika kiwanda cha sabuni, katika ofisi ndogo ya juu iliyotazama bohari, ambako aliona kila katoni inayoingia na kila katoni inayotoka, na jioni alirudi nyumbani na unga wa sabuni kwenye nywele, sisi tukamcheka kwamba mvua ikimnyeshea atatoa povu. Alipanda cheo kuwa mhasibu msaidizi mwaka 1978, akawa mhasibu mkuu mwaka 1990, na alistaafu kwa heshima tarehe 28 Februari 2008. Hiyo ndiyo kazi iliyomlipa mshahara, lakini kazi iliyotufanya tujae hapa leo ni nyingine, nayo aliianza jioni ya Jumatatu tarehe 7 Januari 1980, alipoazima chumba kimoja cha shule ya msingi na kubandika tangazo kwamba atafundisha hesabu za biashara kwa yeyote anayejua kusoma, kuandika na kujumlisha.

Walikuja watu wazima kumi na tisa. Walikuwamo mshonaji, mwenye bucha, muuza vifaa vya ujenzi, fundi wa tairi ambaye shule aliiacha darasa la nne, na mwoka mikate mmoja aliyekuwa akifika amechelewa na vumbi la unga mpaka kwenye nyusi, na wote hao walikaa kwenye madawati ya watoto wadogo, magoti yakigonga mbao, wakaambiwa kwamba mali yote iliyomo ndani ya biashara ni sawa na mtaji wa mwenyewe ukijumlisha na madeni, hata ikiwa ni toroli moja, na kwamba siku pande hizo mbili zikikataa kulingana mtu asimlaumu shetani, atafute alipokosea.

Shida ilianza wiki ya pili, walipofika kwenye maingizo, maana kila jambo katika biashara huandikwa mara mbili, akaunti inayopokea huandikwa kushoto na akaunti inayotoa huandikwa kulia, ukinunua unga kwa fedha taslimu basi unga umepokea na fedha imetoa. Maneno debiti, yaani kushoto, na krediti, yaani kulia, yaliwatoa kijasho chembamba, kushoto na kulia wakavichanganya kwa hofu, na fundi wa tairi akasimama akaaga kwamba yeye anarudi kwenye tairi zake, kichwa chake si cha mambo haya. Dada alimzuia mlangoni. Aliangalia chumba kile, akaona madirisha yote yako upande wa kushoto wa wanafunzi na mlango uko upande wa kulia, akawaambia basi wasahau kushoto na kulia, kinachopokea kiandikwe dirishani na kinachotoa kiandikwe mlangoni, na kuanzia jioni ile darasa likafunguka.

Waombolezaji, naomba mnielewe jinsi jambo hili lilivyoshika. Mwenye bucha aligeuza meza yake dukani ili dirisha liwe kushoto. Mshonaji alikataa kufanya mazoezi kwa jirani yake kwa sababu nyumba ile ilikaa vibaya. Fundi wa tairi, ambaye hesabu zake alizifanyia uani, alichora dirisha kwa chaki kwenye ukuta wa kushoto, akalitia na pazia, na dada alipopita akaliona alicheka sana, akampongeza, hata hakushtuka. Baada ya miezi michache walikuwa wanaandaa urari, yaani ile orodha ya kuhakiki kwamba jumla ya upande mmoja inalingana na jumla ya upande wa pili, kwa kasi ambayo hata pale kiwandani hakuiona, na hapo ndipo walipompa jina la Mwalimu Urari, jina ambalo mama yetu hakulipenda kwa sababu alidhani ni la ugonjwa.

Mwezi Novemba 1981 wanafunzi wale kumi na tisa walifanya mtihani wa cheti mbele ya bodi ya mitihani, katika ukumbi mkubwa wa chuo, wakatoka wakitabasamu, kila mmoja akisema urari wake umelingana hadi senti. Tarehe 11 Januari 1982 dada aliitwa mbele ya bodi, na huko akaambiwa na mwenyekiti, bila hata kukaribishwa kiti, kwamba wanafunzi wake wote kumi na tisa wamefutiwa mtihani kwa udanganyifu. Kila mmoja wao alikuwa ameandika majibu sahihi kichwa chini miguu juu, yaani kila kilichopaswa kuwa kushoto kilikuwa kulia, na kila kilichopaswa kuwa kulia kilikuwa kushoto, kuanzia ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho, na mwenyekiti alisema kwamba katika miaka yote ya kazi yake hajaona watu kumi na tisa wakikosea kosa moja bila kula njama, kwa hiyo watafungiwa miaka mitatu, darasa litafungwa, na yeye mwalimu atanyang'anywa kibali cha kufundisha.

Dada yangu hakuwa mtu wa kulia mbele za watu, naye alituambia kwamba siku ile alijua kwa hakika kwamba wale watu hawakudanganya, na hakujua hata kidogo nini kimetokea. Aliomba jambo moja tu, apelekwe kwenye ukumbi ule. Walimpeleka, akakaa kwenye kiti cha mtahiniwa, akaweka mikono mezani, akageuza shingo huku na huku, na ghafla akaangua kicheko kilichomfanya mlinzi aje mbio, maana madirisha ya ukumbi ule yalikuwa upande wa kulia.

Aliwaeleza wajumbe wa bodi habari yote, pamoja na lile dirisha la chaki na pazia lake, na mmoja wao akalazimika kutoka nje ili acheke vizuri. Mwenyekiti hakucheka. Alisema kwamba mhasibu anayetegemea dirisha si mhasibu, ni abiria, na dada akamjibu kwamba hapo amesema kweli, kosa ni la mwalimu na si la wanafunzi, wao waliandika walichofundishwa, basi kama kuna kibali cha kunyang'anywa achukuliwe yeye chake, lakini watu wake wapewe mtihani mwingine, katika chumba chochote bodi itakachopenda. Mwenyekiti akakubali kwa sharti kwamba mtihani utafanyika Jumamosi ya tarehe 20 Februari, na wakishindwa zaidi ya nusu yao, darasa limekufa.

Mnaona mambo yalivyokuwa. Watu waliokwisha kuambiwa na ndugu zao kwamba wamezeeka kwa shule, waliokwisha kuitwa wadanganyifu mitaani, ilibidi wafundishwe upya kitu walichokijua, na fundi wa tairi alikuja kwa dada asubuhi akasema yeye hawezi tena, alishamwambia baba yake mzazi kwamba amefaulu, baba yake akawaambia watu wote wa mtaa, sasa hapiti tena barabara kuu. Dada alimwambia arudi jioni hivyohivyo, hata kwa njia ya uchochoroni, na alipofika alikuta madawati yote yamegeuzwa na yanatazama ukuta wa nyuma. Kesho yake yalitazama mlango. Siku iliyofuata darasa lilifanyika uwanjani, baadaye kwenye korido, na kila jioni aliwauliza jambo lilelile mpaka wakalichukia, ni akaunti ipi imepokea na ni ipi imetoa, na kushoto ni kwa ukurasa, si kwa chumba. Fundi wa tairi ndiye aliyekuwa wa kwanza kuelewa, jioni moja aliponyoosha mkono akasema kwamba kumbe dirisha halikuwa na kazi yoyote, fedha inajua yenyewe imetoka au imeingia, na dada alituambia kwamba alipoyasikia maneno hayo alitoka nje kidogo akajifanya anatafuta chaki.

Bodi nao hawakuwa wajinga. Tarehe 20 Februari waliwaweka wanafunzi wetu katika stoo ya viti isiyo na dirisha hata moja, taa imewashwa mchana, na mwenyekiti mwenyewe akasimamia. Waliandika kwa saa tatu. Matokeo yalibandikwa tarehe 15 Machi 1982, na kati ya watu kumi na tisa walifaulu kumi na wanane, mwenyekiti akaja mwenyewe jioni darasani kutoa vyeti, akavua kofia, na fundi wa tairi akapita barabara kuu akiwa ameshika cheti chake mbele, kama mtu aliyebeba kioo. Nimeona harusi nyingi na sherehe nyingi, lakini furaha kama ya siku ile sijaiona tena.

Najua mnauliza yule mmoja aliyeshindwa ni nani. Shemeji, samahani, lakini historia ni historia. Aliyeshindwa ni mwoka mikate, naye hakushindwa kwa sababu ya dirisha, alishindwa kwa sababu alihesabu unga uliobaki ghalani na akaacha mikate iliyobaki kwenye rafu, akaandika pembeni kwamba mikate ya jana si bidhaa, ni chakula cha watoto wa jirani. Dada alimweleza kwamba hata ukarimu unaandikwa, akamrudisha darasani, na mwezi Novemba mwaka huohuo alifaulu. Yeye mpaka leo anadai kwamba alishindwa kwa makusudi ili asimalize masomo kwa mwalimu yule, nasi tumeamua kumwachia hilo.

Walifunga ndoa Jumamosi tarehe 17 Desemba 1983. Keki ilitoka kwenye duka la mikate la bwana harusi mwenyewe, na bibi harusi, kabla ya kuikata, aliuliza imeandikwa wapi, shemeji akatoa karatasi mfukoni iliyosema matumizi binafsi ya mwenye biashara, ukumbi mzima ukapiga makofi. Katika nyumba yao hakuna mkate uliotoka dukani bila kuandikwa, wakwe walinung'unika kwamba wamepata mkamwana mwenye mkono wa birika, lakini mimi ni shahidi kwamba alitoa kuliko sisi sote, ila alijua anatoa kutoka mfuko gani. Tanuri nalo alilitengea fungu kila mwaka kwa ajili ya uchakavu, akimwambia mumewe kwamba tanuri linazeeka hata siku linayooka vizuri, naye akiona ni mzaha. Tanuri lilipopasuka tarehe 3 Juni 1994 majirani walikuja kutoa pole, wakakuta gari limeegeshwa mlangoni na watu wanashusha tanuri jipya.

Marehemu na mume wake walijaliwa watoto watatu, wa kwanza wa kike alizaliwa tarehe 4 Aprili 1985, wa pili wa kiume tarehe 22 Agosti 1988, na kitinda mimba wa kike tarehe 10 Mei 1991, na wajukuu watano. Katika watoto hao hakuna hata mmoja aliyekuwa mhasibu, jambo ambalo dada alilipokea kwa moyo mkuu na kulikumbusha kila mwaka mpya. Darasa lake la jioni halikufungwa tena, alilifundisha kwa miaka thelathini na tisa mfululizo, na waliopita mikononi mwake ni zaidi ya mia saba.

Marehemu alianza kusumbuliwa na moyo mwezi Machi 2019, akalazwa kwa mara ya kwanza tarehe 17 ya mwezi huo, na daktari akamkataza kusimama kwa muda mrefu. Ndipo alipokabidhi chaki kwa fundi wa tairi, ambaye kwa wakati huo alikuwa na maduka matatu ya matairi na nywele zote nyeupe, na yeye akahamia dawati la nyuma, akaahidi kutomsahihisha mtu, ahadi aliyoitunza kwa takriban robo saa. Tarehe 5 Novemba mwaka huu hali yake ilibadilika, akalazwa tena, na Jumapili tarehe 13 Novemba 2022, saa mbili asubuhi, aliaga dunia akiwa na umri wa miaka sitini na tisa, mume wake akiwa amemshika mkono, mimi nikiwa upande wa pili, na naumia, jamani, naumia sana, hilo sitalificha.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya moyo, waliomvumilia mgonjwa aliyekagua bili zake na kuwaonyesha mahali walipomtoza pungufu. Tunawashukuru majirani waliopika, waliolala na sisi, walioleta viti na kusimama wenyewe. Tunawashukuru wafanyakazi wenzake wa kiwanda cha sabuni, wastaafu na walio kazini, na bodi ya mitihani, ambayo imetuma mjumbe.

Limebaki neno moja, na nalisema kwa sababu tangu asubuhi nimesikia minong'ono. Watu wanauliza wako wapi wanafunzi wa mwaka huu, na wako wapi mabega ya fundi wa tairi, aliyepaswa kubeba jeneza hili mbele kabisa, imekuwaje mtu aliyefanyiwa yote haya akakosa kufika. Nawajibu. Siku tatu kabla ya kufariki, dada alimwita fundi hospitalini, akamwambia mbele yetu kwamba tarehe za mtihani anazijua, na kwamba ikitokea akaondoka katika wiki hiyo hataki kuona mwanafunzi hata mmoja msibani, na mwalimu wao asiwaache peke yao. Fundi alilia, akakataa, dada akamwambia amwapie, naye akaapa. Leo ni Jumatano tarehe 16 Novemba, mtihani wa pili umeanza saa nane mchana, na sasa hivi, ninaposoma, watu ishirini na sita wameinamia karatasi zao, na mzee mmoja amesimama nje ya ukumbi kwenye jua, amevaa suti aliyoishona kwa ajili ya mazishi haya. Kwa hiyo msiwalaumu, na tutakapokuwa tunamshusha dada yangu, kama mnapenda kumwombea, waombeeni na wao.

Mwalimu Urari, dada yangu, pumzika kwa amani, darasa lipo kwenye mtihani.